Vijana na virusi vya Ukimwi Afrika Mashariki

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu ugonjwa usio na jina uanze kuwakondesha na kuwaua watu katika vijiji vya magharibi mwa Ziwa Victoria. Waliozaliwa wakati ule leo ni wazazi, na baadhi yao wana wajukuu. Dawa zimepatikana, na misiba iliyokuwa ikifuatana wiki baada ya wiki imepungua. Hata hivyo virusi havijaondoka. Kila mwaka vinawapata watu wapya, na sehemu kubwa yao ni vijana wenye umri wa kati ya miaka 15 na 24, hasa wa kike.

Kwa mujibu wa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Ukimwi, UNAIDS, watu milioni 40.8 walikuwa wakiishi na virusi hivyo duniani mwaka 2024, na wengine milioni 1.3 waliambukizwa mwaka huo huo. Wasichana na wanawake vijana walioambukizwa walikuwa wastani wa 570 kila siku, walio wengi wakiwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wakiishi na virusi: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Wastani huo unaficha tofauti kubwa. Mkoani Njombe kiwango kilikuwa asilimia 12.7, ilhali Zanzibar hakikufika hata asilimia moja. Kenya nako, utafiti wa mwaka 2018 ulitoa asilimia 4.9 kwa nchi nzima, lakini katika kaunti ya Homa Bay, kando ya ziwa, karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na virusi.

Kutoka Kasensero hadi Bukoba

Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa za kwanza za vijana wa kiume waliopungukiwa kinga ya mwili bila sababu kueleweka. Mwaka uliofuata wagonjwa wa namna hiyo walianza kuonekana Kasensero, mwalo wa wavuvi na wafanyabiashara wa magendo katika wilaya ya Rakai, Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Waganda waliuita ugonjwa huo "slim" kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, uliitwa "Juliana", jina la aina ya nguo iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara waliokuwa wa kwanza kuugua. Wagonjwa watatu wa kwanza kuthibitishwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, na wa kwanza wa Kenya walitangazwa mwaka 1984. Kufikia mwaka 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara uliosalimika.

Virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1983 katika taasisi ya Pasteur mjini Paris, kazi iliyowapatia Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier tuzo ya Nobel mwaka 2008. Wanasayansi waliofuatilia nasaba ya virusi hivyo wameonyesha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, kwamba janga lilianza kuenea kutoka mji unaoitwa leo Kinshasa katika miaka ya 1920, likisafiri na reli, mito na biashara ya enzi za ukoloni.

Kiswahili kiliupa ugonjwa jina la kitaalamu lililo wazi kuliko majina mengi ya kigeni: Upungufu wa Kinga Mwilini, yaani Ukimwi. Mitaani, hata hivyo, watu walipendelea kuzungukazunguka. Aliyeambukizwa alisemekana kuwa na "ngoma", au "amekanyaga miwaya", au ana "mdudu". Mafumbo hayo yaliwawezesha watu kulizungumza jambo zito bila kulitaja. Yaliwawezesha pia kuamini kuwa linawahusu wengine.

Aliyevunja ukimya huo kwa kishindo alikuwa mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, aliyetangaza hadharani mwaka 1989 kuwa ana Ukimwi, akazunguka mashuleni na makanisani kueleza, na kufariki dunia Desemba mwaka huo huo. Serikali ya Uganda ilikuwa imeanza kampeni zake mapema, ikiwahimiza watu wasitoke nje ya ndoa, vijana wachelewe kuanza ngono, na baadaye watumie kondomu. Maambukizi miongoni mwa watu wazima, yaliyokadiriwa kufikia asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalishuka hadi karibu asilimia 6 muongo mmoja baadaye. Mjini Bukoba mteremko ulikuwa kama huo: kutoka asilimia 24 mwaka 1987 hadi asilimia 13 mwaka 1996. Sehemu ya mteremko ilitokana na vifo, na hilo halina budi kusemwa. Lakini miongoni mwa vijana, ambao walikuwa hawajaanza kufa, kushuka kulimaanisha kuwa kuna waliobadili mwenendo kabla hata ya dawa kupatikana.

Kwa nini vijana, na kwa nini wasichana

Virusi vya Ukimwi hupatikana katika damu, shahawa, ute wa ukeni na maziwa ya mama. Kwa kijana, njia kuu ni kujamiiana bila kinga. Mwili wa msichana uko katika hatari kubwa zaidi kwa sababu za kimaumbile: ngozi laini ya ndani ya uke na mlango wa kizazi ni pana, kwa msichana mdogo haijakomaa, na shahawa hukaa mwilini mwake kwa muda mrefu. Ngono ya kulazimishwa huongeza michubuko, na michubuko ni mlango wa virusi. Ngono ya njia ya haja kubwa ina hatari kubwa kuliko zote, kwa mwanamke na kwa mwanamume.

Kuna jambo la pili ambalo halifahamiki vya kutosha. Hatari haiko sawa wakati wote. Watafiti wa Rakai walioandika mwaka 2005 walikuta kuwa mtu aliyeambukizwa karibuni, katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo, anaweza kumwambukiza mwenzake kwa urahisi takriban mara 12 kuliko atakavyokuwa baadaye. Huo ndio wakati ambao vipimo vya kawaida, vinavyotafuta askari wa mwili na si virusi vyenyewe, vinaweza kutoa jibu la kuwa hana. Kwa hiyo karatasi ya kipimo ambayo wachumba huonyeshana kabla ya kuacha kondomu haitoshi peke yake. Kipimo kinapaswa kurudiwa baada ya miezi mitatu, na katika kipindi hicho wote wawili wawe wamejikinga.

Sababu nyingine hazimo mwilini bali mfukoni na katika umri wa mwenzi. Utafiti uliofanywa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2017, ulilinganisha chembe za virusi vya watu mbalimbali na kukuta kuwa wasichana walio chini ya miaka 25 waliambukizwa mara nyingi na wanaume waliowazidi umri kwa miaka 8 hivi kwa wastani. Wanaume hao nao walikuwa na uhusiano na wanawake wa rika lao. Mzunguko huo ndio unaowashangaza wazazi wengi: binti hajawahi kuwa na wapenzi wengi, ana mmoja tu, lakini huyo mmoja ana umri wa miaka 32.

Afrika Mashariki ina msamiati mzima wa mahusiano hayo. Mwaka 2008 kampeni ya redio nchini Tanzania ilimbuni mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana kwa soda, chipsi na lifti, ikampa jina la Fataki. Neno hilo lilitoka redioni likaingia mitaani, na hadi leo mtu anaweza kuzomewa "fataki" akionekana na mwanafunzi. Kenya, vijana husema "sponsa". Katika mialo ya Ziwa Victoria upande wa Kenya kuna "jaboya", utaratibu ambao mwanamke mchuuzi hupata samaki kwa mvuvi pale tu anapokubali kulala naye. Anayedai kwamba maradhi haya ni suala la tabia pekee hana budi kueleza mchuuzi huyo angefanya nini, na watoto wanangoja chakula.

Somo la Mwanza

Katika miaka ya 1990 mkoa wa Mwanza ulikuwa kama maabara ya dunia nzima kuhusu kinga. Utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya virusi kwa takriban asilimia 40. Huko Rakai, watafiti waliowapa dawa watu wote kwa pamoja kila baada ya miezi kumi hawakuona tofauti. Mabishano juu ya matokeo hayo mawili yaliendelea kwa miaka mingi. Kilichokubalika ni kwamba vidonda na uchafu wa magonjwa ya zinaa hurahisisha maambukizi, na kwamba kliniki iliyo wazi kila siku si sawa na kampeni inayopita.

Mwaka 1999 ulianza mradi uliowalenga vijana wenyewe, MEMA kwa Vijana. Jumuiya 20 za vijijini ziligawanywa kwa kura. Katika 10, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa juu ya uzazi na Ukimwi, kwa michezo ya kuigiza na waelimishaji rika. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Vijana walipewa kazi ya kusambaza kondomu. Katika 10 nyingine huduma ziliendelea kama kawaida.

Matokeo ya kwanza yalipotoka, maarifa ya vijana yalikuwa yameongezeka sana, na wavulana walisema wamebadili mwenendo. Lakini damu haikusema hivyo. Maambukizi ya virusi vya Ukimwi na ya tutuko za sehemu za siri yalikuwa takriban sawa pande zote mbili. Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008 wakawapima vijana karibu 14,000. Maarifa yalikuwa yangalipo, miaka mingi baada ya shule. Tofauti ya maambukizi haikuwepo.

Ni nadra kwa mradi wa maendeleo kujipima kwa ukali namna hiyo, na ni nadra zaidi kutangaza jibu la aina hiyo. Thamani ya MEMA kwa Vijana iko hapo. Watafiti walioishi vijijini sambamba na mradi walieleza kilichokuwa kikitokea: wazazi waliwataka watoto wajizuie, lakini katika rika ilikuwa desturi msichana kupewa zawadi au fedha kidogo na anayelala naye, na kukataa kupewa kulionekana kujidharau. Siri ilikuwa sehemu ya uhusiano, hivyo kondomu, ambayo lazima inunuliwe na kubebwa, ilikuwa ushahidi usiotakiwa. Mtoto wa darasa la sita aliyejua kila jibu alirudi nyumbani akakuta mambo ni yale yale.

Kabla ya hapo kulikuwa na jaribio lililofanikiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati", wenye dereva wa lori, Mkwaju, ambaye ana wanawake kila kituo cha njiani na hatimaye anaugua. Kwa miaka miwili mchezo haukurushwa Dodoma, ili wasikilizaji wa mikoa mingine walinganishwe na watu wa huko. Waliousikiliza walieleza kuwa na wapenzi wachache na kutumia kondomu zaidi. Ni kweli kwamba hapa hakukuwa na kipimo cha damu. Lakini Mkwaju aliwasikika wazazi, madereva na wapangaji wa nyumba moja kwa wakati mmoja, si watoto wa darasa la sita peke yao.

Fedha nazo zimejaribiwa. Huko Ifakara, kati ya mwaka 2009 na 2010, vijana wa miaka 18 hadi 30 waliahidiwa malipo kila baada ya miezi minne endapo watapimwa na kukutwa hawana magonjwa ya zinaa yanayotibika. Waliopewa kiasi cha dola 20 walipunguza maambukizi hayo kwa zaidi ya robo. Waliopewa dola 10 hawakubadilika. Nchini Malawi, wasichana ambao familia zao zilipewa fedha kidogo kila mwezi walikuwa na maambukizi machache ya virusi kuliko wenzao wasiopewa. Afrika Kusini utafiti wa namna hiyo haukuona faida ya fedha zenyewe, ila uliona kuwa msichana anayehudhuria shule ana hatari ndogo.

Kinga zilizopo leo

Kondomu ingali kinga ya bei nafuu kuliko zote, na ni ya pekee inayozuia kwa pamoja mimba, virusi vya Ukimwi na magonjwa mengi ya zinaa. Kwa wanaoitumia kila mara, hupunguza maambukizi ya virusi kwa takriban asilimia 80 au zaidi. Uvumi kuwa ina vitundu au imetiwa virusi umerudiwa kwa miongo mitatu, wakati mwingine na watu wenye vyeo. Hauna msingi. Kondomu hushindwa kwa sababu za kawaida zaidi: imekaa juani au katika pochi kwa miezi, imepita tarehe, imepakwa mafuta ya kujipaka yanayolegeza mpira, au imevaliwa katikati ya tendo.

Tohara ya wanaume ilithibitishwa na majaribio matatu, mawili kati yake yakiwa ya Afrika Mashariki. Huko Kisumu walishiriki vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24; Rakai wanaume karibu 5,000. Desemba mwaka 2006 majaribio yote mawili yalisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa wazi: hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke ilipungua kwa nusu au zaidi. Kupungua kwa nusu si kinga kamili, na tohara haimkingi mwanamke moja kwa moja. Aliyetahiriwa akafanya ngono kabla kidonda hakijapona, muda wa wiki sita, yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa.

Badiliko kubwa zaidi limetokana na dawa za kufubaza virusi. Mwanzo wake uko Rakai pia. Mwaka 2000 watafiti walichapisha habari za wenza 415 ambao mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana. Pale ambapo virusi katika damu vilikuwa chini ya 1,500 kwa mililita, hakuna aliyeambukizwa. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa dawa zikianzwa mapema hupunguza maambukizi kwa wenza kwa asilimia 96, na tafiti za Ulaya zilizofuata hazikupata hata tukio moja la mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo kumwambukiza mwenziwe kwa ngono. Kwa hiyo anayemeza dawa kila siku na virusi vikawa havionekani haambukizi kwa kujamiiana. Anaweza kuoa, kuolewa na kuzaa. Habari hii, iliyo njema kuliko zote katika historia ya ugonjwa huu, bado haijafika katika barza na vijiwe vingi.

Kwa asiye na virusi, dawa hizo hizo zinaweza kuwa ngao. Utafiti wa wenza 4,747 nchini Kenya na Uganda, uliotangazwa mwaka 2011, ulikuta kidonge cha kila siku kikipunguza hatari kwa asilimia 75. Kenya ilianza kukitoa kitaifa mwaka 2017. Lakini kwa wasichana kidonge kilikwama. Katika utafiti uliofanyika Bondo na Afrika Kusini, chini ya asilimia 40 ya wanawake walionekana kuwa na dawa katika damu. Sababu zilijulikana haraka: chupa inayofanana na ya wagonjwa, mama anayepekua mkoba, mpenzi anayeuliza kuna nini. Msichana aliyeogopa kuonekana na kondomu ameogopa pia kuonekana na vidonge.

Ndiyo maana sindano imepokewa kwa shangwe. Kwanza ilikuja ya kila miezi miwili, cabotegravir, iliyoonyesha mwaka 2020 kuwashinda watumiaji wa kidonge katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Uganda. Kisha Juni mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Walishiriki zaidi ya wanawake 5,300 wa miaka 16 hadi 25 nchini Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipendekeza Julai mwaka 2025. Hii si chanjo, kwani haiufundishi mwili kujilinda. Nguvu yake huisha dawa inapokwisha mwilini.

Aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu au aliyechomwa na sindano yenye damu ana saa 72 tu. Ndani ya muda huo, na heri iwe saa chache za mwanzo, hospitali inaweza kumpa dawa za dharura ambazo atazimeza kwa siku 28. Baada ya saa 72 hazina maana. Vijana wengi hufika siku ya tano, baada ya kujishauri.

Upande wa pili wa orodha hii ni vitu visivyokinga wala kutibu. Mwaka 1990 serikali ya Kenya ilitangaza dawa ya Kemron kwa matumaini makubwa, ambayo hayakuthibitishwa na tafiti zilizofuata. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni ya kilomita nyingi huko Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, na baadhi yao waliacha dawa za hospitali. Kunawa, kukojoa au kunywa vidonge vya maumivu baada ya tendo hakuzuii lolote.

Magonjwa mengine ya zinaa

Ukimwi umeyafunika magonjwa mengine kiasi kwamba kijana aliyepimwa virusi akakutwa hana hujiona amekamilika. Kisonono na klamidia kwa wanawake mara nyingi havina dalili, navyo huharibu mirija ya uzazi polepole hadi mtu ajikute hashiki mimba. Kisonono kimekuwa sugu kwa dawa moja baada ya nyingine, na desturi ya kununua vidonge viwili dukani bila kupimwa imechangia. Kaswende bado hutibiwa kwa sindano ya penisilini iliyotumiwa na madaktari wa kizazi kilichopita, lakini mama mjamzito asiyepimwa anaweza kumpoteza mtoto.

Kirusi cha papiloma, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kina chanjo. Uganda iliianza kitaifa mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2022 uliwachanja wasichana wa miaka 15 hadi 20 dozi moja tu na kupata kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili hatari zaidi. Madai kwamba chanjo hiyo huua uzazi hayana ushahidi wowote. Wanawake wenye virusi vya Ukimwi hupata saratani hiyo takriban mara sita zaidi ya wengine.

Hatari isiyohusu ngono nayo isisahauliwe. Heroini iliingia Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na sindano moja kupitishwa kwa watu kadhaa ni njia ya haraka ya kueneza virusi. Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, hatua ambayo ilikuwa ngeni katika bara zima.

Sheria na walio ughaibuni

Kwa miaka mingi kijana wa Tanzania Bara chini ya miaka 18 hakuweza kupimwa bila idhini ya mzazi, jambo lililowafukuza wale wale waliohitaji kipimo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalishusha umri hadi miaka 15 na kuruhusu watu kujipima wenyewe. Uganda ilikuwa tayari imeweka miaka 12. Nchini Kenya, mahakama kuu ilibatilisha mwaka 2015 kifungu kilichomtishia jela mtu mwenye virusi asiyewajulisha wenza wake, kwa kuwa hakikuwa wazi kinamlenga nani.

Kwa Waswahili walioko ng'ambo hali hutofautiana mno. Nchini Marekani, marufuku ya kuingia kwa wenye virusi iliondolewa Januari mwaka 2010. Huko England, tangu Oktoba mwaka 2012, matibabu ya virusi vya Ukimwi ni bure kwa kila mtu bila kujali hati zake za ukaazi, na dawa za kinga hutolewa bure katika kliniki za afya ya uzazi tangu mwaka 2020. Majibu hayapelekwi kwa idara ya uhamiaji ili mtu akamatwe, kinyume cha inavyoaminika katika jumuiya nyingi. Hofu hiyo ni mojawapo ya sababu za Waafrika nchini Uingereza kugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Nchi za Ghuba ni habari nyingine. Anayekwenda kufanya kazi Oman, Saudi Arabia au Falme za Kiarabu hupimwa kabla ya kuondoka, hupimwa tena akifika au anapohuisha kibali, na akikutwa na virusi hunyimwa ukaazi na kurudishwa. Wapo watumishi wa nyumbani waliopandishwa ndege bila kuambiwa sababu na waliopoteza wiki kadhaa za matibabu wakijaribu kuelewa. Anayerudishwa kwa njia hiyo hana kosa lolote katika nchi yake, na anaweza kuanza dawa siku hiyo hiyo anayopimwa katika kituo chochote cha serikali.

Fedha za kinga

Tanzania ilipoanza kutoa dawa za bure mwaka 2004, miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kampuni ya India, Cipla, itoe ahadi ya kuuza tiba ya mwaka kwa dola 350 badala ya zaidi ya dola 10,000. Tangu hapo sehemu kubwa ya gharama imebebwa na Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003. Mradi wa PEPFAR wa kuwasaidia wasichana kubaki shuleni na kupata kinga, DREAMS, ulifika Kenya, Uganda na Tanzania.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Ruhusa iliyotolewa baadaye iliokoa dawa za wagonjwa, lakini kuhusu dawa za kinga iliwataja wajawazito na wanaonyonyesha tu. Msichana wa miaka 19 asiye mjamzito hakuwemo. Shughuli za DREAMS zilisimama, wahudumu wa ngazi ya jamii waliachishwa kazi, na Julai mwaka huo shirika la misaada la USAID lilifungwa.

Miezi miwili baadaye, Septemba 2025, yalitangazwa makubaliano ya kutengeneza lenacapavir nchini India kwa bei ya dola 40 kwa mtu kwa mwaka, kuanzia mwaka 2027. Shehena za kwanza za sindano halisi zilifika Zambia na Eswatini Novemba 2025. Nchini Marekani dawa hiyo iliingia sokoni kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka.